Mguu wa punda ukivimba: jeraha la kano na mwaka wa kusubiri

Anayetoka Mombasa kwenda Nakuru kwa barabara ni nadra apite Kikopey bila ya kusimama. Ni kituo kidogo ukishapita Gilgil, upande wa Ziwa Elementaita, na umaarufu wake ni nyama ya kuchoma. Mwaka jana tulisimama hapo watu wanne. Tukauliza kwanza mchinjaji ni nani, tukaridhika, tukaagiza mbavu za mbuzi. Tukiwa tunangoja, akapita kijana na mkokoteni uliojaa mitungi ya maji, unavutwa na punda wawili. Yule wa kulia alikuwa akichechemea mguu wa mbele.

Kwa mtu aliyekulia Lamu hilo si jambo la kuliangalia likapita. Nikainuka. Nyuma ya muundi wa mguu ule, kati ya goti na kifundo, palikuwa pamevimba na kubinuka kama upinde. Nikapagusa, pana moto. Nikamuuliza kijana yameanza lini.

"Karibu mwezi sasa, mzee. Lakini alikuwa amepona."

Amepona vipi? Punda alikanyaga mtaro akiwa na mzigo, akaanza kuchechemea. Kijana akampumzisha siku kumi. Wazee wa pale wakamshauri amteremshe mpaka kwenye chemchemi za maji moto kandokando ya ziwa, amkande kwa maji yale. Akamkanda. Siku kumi zilipokwisha punda akawa anatembea sawasawa, akarudishwa mkokotenini. Haukupita muda mguu ukavimba kuliko mwanzo. Na sasa, akaniambia, mnunuzi wa punda ameshapita mara mbili kuuliza bei.

Neno lile, "alikuwa amepona", ndilo lililonifanya niandike. Nimelisikia Lamu kwa wachukuzi wa mawe na nimelisikia Malindi kwa wenye mikokoteni. Mimi si daktari wa mifugo, na stashahada yangu haihusiani na kwato. Lakini nimeuliza wanaojua na nimesoma, na nimeona kwamba mwenye farasi wa polo wa hapo Gilgil na mwenye punda wa maji wa Kikopey hupoteza wanyama wao kwa kosa moja.

Kamba mbili nyuma ya muundi

Aliyekula makongoro anaijua kano. Ni ile kamba nyeupe, ngumu, inayogeuka kunata ikishachemka saa nyingi. Kazi yake ni kuunganisha msuli na mfupa. Farasi na punda, kuanzia goti la mbele kwenda chini, hawana msuli wa maana. Kuna mfupa, ngozi, mishipa ya damu na kano tu. Misuli inayokunja mguu iko juu ya goti, na nguvu yake inateremshwa kwa kamba mbili ndefu zinazopita nyuma ya muundi. Moja iko karibu na ngozi, nyingine iko ndani yake. Ile ya nje ndiyo inayoumia zaidi kwa farasi wa mbio.

Kamba hizo hufanya kazi kama springi. Mnyama akikanyaga, kifundo kinashuka, kano inavutika, kisha inarudi na kumsukuma mbele. Farasi akienda mbio kano ya nje huvutika zaidi ya asilimia 10 ya urefu wake, karibu na kiwango ambacho huanza kuchanika, na joto ndani yake hupanda hadi kama nyuzi 45 za selsiasi. Kwa hivyo hata farasi aliye mzima kabisa hukimbia akiwa karibu na mpaka wa kuumia.

Punda wa maji hakimbii, lakini ana njia zake za kuumia. Hesabu mwenyewe: mitungi 15 ya lita 20 ni kilo 300, kabla hujaupima mkokoteni. Punda wa kwetu ana uzito wa kilo 120 hadi 150. Kwenye tambarare magurudumu yanamsaidia. Kwenye mteremko, mkokoteni usio na breki unamsukuma kwa nyuma, naye anajizuia kwa miguu. Punda wa Lamu anayebeba mgongoni hesabu yake ni nyingine. Mzigo usizidi thuluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 hivi. Mfuko mmoja wa saruji unatosha kufika hapo, na sote tumeona shogi zinavyojazwa mchanga mbichi mpaka mnyama anayumba.

Halafu kuna kwato. Kwato isiyopunguzwa hurefuka mbele na kushuka kisigino, na kila hatua kano inavutwa zaidi ya inavyopaswa. Mtu anayejua kazi aitazame na kuipunguza kila wiki sita hadi nane. Na kuna kamba ya kufungia miguu ili mnyama asiende mbali. Ikiwa nyembamba, au ya nailoni, inakula ngozi kidogo kidogo, na chini ya ngozi pale hakuna kinga nyingine isipokuwa kano yenyewe.

Sitaacha kulitaja hili, ingawa najua nitalaumiwa. Wakati wa Maulidi Lamu tunapenda mbio za punda, na mimi ni mmoja wa wanaosimama ufukoni kushangilia. Lakini punda aliyebeba mawe wiki nzima kisha akatolewa moja kwa moja kukimbia, bila hata ya kutembezwa robo saa miguu ipate moto, ni punda anayetafutiwa jeraha.

Kwa nini inachukua muda

Kano ina damu chache. Kidonda cha nyama hupata damu nyingi na hufunga upesi, lakini kano hungoja. Na nyuzi zake zimepangwa zote upande mmoja, kama kamba ya jahazi iliyosokotwa vizuri. Zikichanika, mwili unaziba pengo kwa nyuzi za haraka, zinazokwenda huku na huku kama makumbi ya nazi ambayo hayajasokotwa. Pengo limezibika, lakini hiyo si kamba bado. Kuzigeuza nyuzi zile zielekee upande mmoja na zipate nguvu kunachukua miezi tisa, mwaka, pengine mwaka na nusu. Hata hapo haziwi kama za mwanzo, na farasi wengi wa mbio huumia tena palepale.

Sasa tazama maumivu. Uvimbe mkali na joto hupungua ndani ya wiki mbili au tatu. Mnyama anaacha kuchechemea. Mwenyewe anafurahi, anamfunga mkokotenini, wakati ndani pana makumbi matupu. Punda tena ana tabia ya kuficha maumivu kuliko farasi. Ukimwona punda anachechemea waziwazi, jua ameumia zaidi ya anavyoonyesha.

Kwa hivyo usimpime kwa mwendo, mpime kwa vidole. Inua mguu, ukunje kidogo, kisha pitisha kidole gumba na cha shahada nyuma ya muundi, kuanzia chini ya goti mpaka kifundoni. Kano nzima ni kama kamba ngumu yenye kingo unazozisikia, haina moto, na ukiibana mnyama hastuki. Fanya hivyo mguu mmoja, kisha wa pili, ulinganishe. Anayeufanya ukaguzi huu kila jioni huliona jeraha siku mbili tatu kabla mnyama hajaanza kwenda chopi. Hauna gharama, na sijui kwa nini haufundishwi kwa kila kijana anayekabidhiwa hatamu.

Siku za kwanza

Mfungue mzigo palepale, asirudi nyumbani na mkokoteni. Kisha maji baridi. Hapa ndipo wazee wa Kikopey walipomkosesha yule kijana bila ya kukusudia. Jeraha bichi lina moto na damu imejaa. Ukiongeza maji moto unaongeza uvimbe, na uvimbe wenyewe unaharibu nyuzi zilizokuwa zimesalimika. Chemchemi zile ni neema kwa mgongo wa mtu mzima, lakini si za kano iliyochanika jana. Kikopey iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri maji ya kisima ni baridi ya kutosha. Mwage dakika 20, mara tatu au nne kwa siku, kwa siku mbili tatu. Kwetu pwani bahari iko mlangoni, msimamishe maji yafike gotini. Barafu ukiipata ifunge kwenye kitambaa, isikae juu ya ngozi.

Baada ya maji, bendeji. Weka pamba nene kutoka chini ya goti mpaka kifundoni, isambae sawasawa, kisha zungusha bendeji kwa mkazo wa wastani. Ifungue na kuifunga upya kila siku. Ufunge na mguu wa pili, maana ndio unaobeba mzigo wa mgonjwa. Bendeji isiyo na pamba chini yake ni hatari kuliko kutofunga kabisa, kwa sababu inaikata kano uliyotaka kuiokoa.

Usipake mafuta ya taa wala oili chafu. Usimpe vidonge vya binadamu. Dawa za maumivu za farasi zipo, lakini daktari wa mifugo ndiye apime. Mwili wa punda huitoa fenilbutazoni haraka kuliko wa farasi, kwa hivyo ratiba ya farasi haimfai, na mnyama aliyepewa dawa hiyo haruhusiwi kuliwa na yeyote. Dawa ina ubaya mwingine: inanyamazisha maumivu, na mwenye haraka anafikiri mguu umepona.

Na kuchoma kwa chuma cha moto, ambako bado kunafanywa bara na pwani? Hata Uingereza walikuwa wakichoma farasi wa thamani kubwa hivyo. Mwaka 1983 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bristol walichapisha utafiti wao na kuonyesha kwamba chuma hakikuisaidia kano kupona. Kilichosaidia ni mapumziko marefu aliyopewa mnyama kwa sababu ya vidonda vya moto. Sisi tuliokua tukisimuliwa kisa cha ngamia aliyemlalamikia Mtume (s.a.w.) kwamba bwana wake anamshindisha njaa na kumchosha kwa kazi, sidhani kama tulihitaji kungoja habari kutoka Bristol.

Jambo moja haliwezi kungoja hata saa. Ikiwa ngozi imekatika kwa bati, waya au chupa nyuma ya muundi, au kifundo kimelala karibu na ardhi na ncha ya kwato imeinuka juu, kano imekatika. Mwite daktari siku hiyo hiyo. Na kwa kidonda chochote cha mguu, hata kidogo, uliza sindano ya pepopunda. Si bure ugonjwa huo ulipewa jina la mnyama huyu.

Wenye uwezo humpiga mnyama picha ya altrasaundi, inayoonyesha pengo ndani ya kano. Hupigwa baada ya wiki moja hivi, kwa kuwa siku za kwanza jeraha halijajionyesha lote, kisha hurudiwa kila baada ya miezi miwili mitatu. Kuna na tiba ya seli shina. Farasi mmoja wa Wales, Dream Alliance, aliyemilikiwa na kundi la wanakijiji waliochanga pauni 10 kila wiki, alijikata kano kwa kwato yake mwenyewe mashindanoni Aintree mwaka 2008. Akatibiwa kwa seli shina, na Desemba 2009 akashinda Welsh National. Watu husimulia seli zile. Mimi naangalia tarehe: hata kwa tiba ya pesa nyingi kiasi hicho, alikaa zaidi ya mwaka kabla ya kurudi.

Miezi ya kutembea

Wiki mbili za mwanzo akae mahali padogo, pakavu, asigeuke kwa kasi wala kukimbia. Usimtenge na mwenzake. Punda hushikana wawili wawili, na aliyetengwa huacha kula. Punda akiacha kula mafuta ya mwilini humwagika kwenye damu na yanaweza kumuua ndani ya siku chache, mguu wenyewe ukiwa unaendelea vizuri. Mfunge karibu na mwenzake hata kama huyo mwenzake anatoka kazini mchana.

Kisha aanze kutembezwa. Wengi wetu hukosea kwa kuchagua moja kati ya mawili: ama tunamfunga kamba miezi mitatu hasogei, ama tunamwachia malishoni akimbizane na wenzake. Nyuzi mpya hujipanga upande zinakovutwa, na asiyevutwa hata kidogo huponea makumbi. Anayekimbia naye huchanika tena. Dawa ni kumshika hatamu na kwenda naye mwendo wa pole, dakika 10 kwa siku, juu ya ardhi ngumu na tambarare, ukiongeza dakika 5 kila wiki mbili. Mwezi wa tatu ukiisha anafika nusu saa na zaidi kidogo. Epuka mchanga mkavu wa ufukweni, unaozamisha kwato na kuivuta kano. Mchanga uliolowa maji ya bahari na kukazana unafaa.

Baada ya hapo farasi huanza kukimbizwa kidogo kidogo, dakika chache, na mbio kamili hazianzi kabla ya mwezi wa tisa au wa kumi na mbili. Kwa punda wa kazi ningesema mkokoteni mtupu kwenye tambarare kuanzia mwezi wa nne, nusu ya mzigo baada ya wa sita, na mzigo wa kawaida baada ya wa tisa. Siku yoyote vidole vikisikia moto, rudi hatua moja nyuma ukae hapo wiki mbili.

Hapa msomaji mwenye punda atanicheka, na ana haki. Nani anaweza kumlisha punda asiyefanya kazi miezi minne? Yule kijana wa Kikopey alipata riziki yake ya siku kwa mitungi ile. Na huyo mnunuzi aliyekuwa akipita si mtu wa kufikirika. Tangu 2016 yalipofunguliwa machinjio ya punda, likiwemo la Mogotio na la Naivasha ambako si mbali na Kikopey, ngozi zikapelekwa China kutengenezwa dawa iitwayo ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda zaidi ya milioni 1.8 Kenya. Ya 2019 ikahesabu karibu milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mwaka uliofuata mahakama ikaliondoa katazo, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kuizuia biashara ya ngozi barani kote. Katika miaka hiyo bei ya punda ilipanda mara kadhaa. Hapo ndipo hesabu ya mnunuzi inapokosea kwa upande wa muuzaji: bei anayopewa mtu kwa punda kilema haimtoshi kununua mzima. Atauza mmoja na kubaki na nusu ya mkokoteni.

Nilichomwambia kijana ni hiki. Punda mzima avute peke yake, mitungi saba au minane, njia ya tambarare, hata ikiwa ni safari mbili badala ya moja. Mwenye mkokoteni jirani mwenye punda wa ziada agawane naye mapato. Mgonjwa alishwe nyasi na majani makavu tu, asipewe nafaka, kwa kuwa hafanyi kazi na unene unaongeza mzigo juu ya kano. Amtafute daktari wa mifugo pale Gilgil, hata kwa ziara moja ya kuonyeshwa namna ya kufunga bendeji. Wenzetu wa Lamu wamejaaliwa kwa hilo: tangu 1987 kuna hospitali ya punda ya shirika la Donkey Sanctuary inayotibu bure, na bado kuna watu wanaopita mlangoni pake na mnyama anachechemea.

Alinisikiliza mpaka nyama yetu ikapoa. Sikujua kama atafuata. Nilimwachia nambari ya simu, na majuzi, mwisho wa mwezi wa tatu, nikampigia. Hakuuza. Mapato yamepungua, alisema, na shemeji yake anamwona mjinga kwa kumtembeza punda jioni kama mtoto. Nikamuuliza mguu ukoje.

"Anatembea vizuri kabisa, mzee. Hachechemei hata kidogo."

Nikanyamaza. Akacheka, akaniambia ni dakika thelathini na tano tu kwa siku, na mkokoteni bado hajamfunga.